Siri ambayo Frederick Douglass hakuiandika kitabuni kwa miaka 43

Kila mwaka ninapofundisha tawasifu za watu waliotoka utumwani, hufika siku ambayo darasa zima hunikasirikia kwa kosa lisilo langu. Ni siku tunayomaliza kitabu cha kwanza cha Frederick Douglass, Mmarekani Mweusi aliyetoroka utumwani akawa mwandishi na mpinga utumwa, kilichochapishwa Boston mwezi wa Mei 1845. Kwa sura 10 wanafunzi wamemfuata tangu utoto wake Maryland, jimbo la Marekani lililoruhusu utumwa. Wamemwona shangazi yake akichapwa hadi damu, wamemwona yeye mwenyewe akiwahonga mkate watoto wa Kizungu katika mitaa ya Baltimore ili wamfundishe kusoma, na wamemwona akipigana kwa muda wa saa 2 hivi na Edward Covey, mkulima aliyekabidhiwa kazi ya kumvunja ukaidi. Sasa wamefika sura ya 11, ya mwisho, wakitarajia kuona anavyotoroka, na mwandishi anawaambia waziwazi kwamba hatasema. Anataja tarehe, 3 Septemba 1838, anautaja mji aliofikia, New York, kule Kaskazini kusiko na utumwa, na kila kilicho katikati anakiruka.

Wanafunzi wengi huliona hilo kuwa pengo. Mimi, baada ya kukisoma kitabu hiki mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, naona kuwa hapo ndipo Douglass anapoonyesha kwa uwazi mkubwa zaidi kwamba simulizi ni mali yake na kwamba yeye ndiye anayeamua itolewe lini na kwa nani. Sababu zake ni mbili, na anazieleza kwa utulivu: maelezo kamili yangewatia matatani watu waliomsaidia, na yangewafanya wenye watumwa waongeze ulinzi, hivyo mlango aliopitia yeye ungefungwa kwa ndugu zake waliobaki ndani. Kisha utulivu unamtoka kidogo. Anataka mwenye watumwa abaki gizani, ajihisi amezungukwa na maadui asiowaona, na kila hatua anayopiga kumfuata mtoro aogope kwamba huenda akapasuliwa kichwa na mkono asioujua. (Wanafunzi wangu humwita mtoro bila kusita, nami hufurahi, kwa maana katika pwani yetu neno hilo, kabla ya kuwa la mtoto anayekwepa shule, lilikuwa la mtumwa aliyemkimbia bwana wake.)

Ili kuelewa uzito wa kunyamaza huko ni lazima kukumbuka kwa nini kitabu kiliandikwa. Kuanzia 1841 Douglass alikuwa akihutubia mikutano ya wapinga utumwa katika majimbo ya Kaskazini, na ufasaha wake ukageuka kuwa tatizo. Watu walisema mtu anayezungumza hivi hawezi kuwa amewahi kuwa mtumwa. Baadaye alisimulia kwamba hata wenzake Wazungu katika harakati walimshauri abakize kidogo lafudhi ya shambani, na kwamba yeye atoe matukio tu, falsafa wataishughulikia wao. Kitabu kilikuwa jibu lake. Kwenye jalada yaliwekwa maneno ya kuthibitisha kwamba kimeandikwa na yeye mwenyewe, na ndani yake alitaja majina: jina lake la utumwa, Frederick Bailey, jina la bwana wake Thomas Auld wa St. Michaels, jina la nduguye Thomas, Hugh Auld wa Baltimore, majina ya wanyapara.

Basi tazameni mtego aliokuwamo. Ili aaminiwe ilimbidi aseme mengi, na kila alilosema lilimrahisishia kazi bwana wake, kwa sababu kisheria bado alikuwa mali ya watu. Wendell Phillips, ambaye barua yake imechapishwa mwanzoni mwa kitabu pamoja na dibaji ya William Lloyd Garrison, wote wawili wakiwa Wazungu wapinga utumwa, alimwandikia bila kuficha kwamba angekuwa yeye angeutupa mswada huo motoni. Miezi michache baada ya kitabu kutoka, Douglass, ili asikamatwe, alipanda meli iitwayo Cambria kwenda Liverpool, Uingereza, na aliporejea Marekani mwaka 1847 alikuwa mtu huru kisheria, rafiki zake wa Uingereza wakiwa wamelipa pauni 150 ili aachiwe.

Kuna kisa kimoja hapa ambacho huwa siwezi kukiruka. Mtu mmoja wa Delaware, A. C. C. Thompson, aliyewahi kuishi jirani na familia hizo, aliandika gazetini kukanusha kitabu. Alisema alimfahamu Frederick Bailey, kwamba alikuwa mtumwa wa kawaida asiye na elimu, na kwamba hangeweza kamwe kuandika kitu kama kile. Kisha akawatetea waliotajwa, mmoja baada ya mwingine, kuwa ni watu wema. Douglass alimjibu kwa shukrani zenye makali: waliokuwa wakidai kwamba hakuwahi kuwa mtumwa sasa walikuwa wamejibiwa na shahidi kutoka upande wa wenye watumwa wenyewe, aliyethibitisha kwamba mahali pale papo na watu wale wapo.

Kitabu cha pili kilitoka mwaka 1855. Ni kinene mara tatu au zaidi, na safari hii dibaji haikuandikwa na Mzungu bali na James McCune Smith, daktari Mweusi wa New York. Bibi ya Douglass, Betsy, aliyemlea na ambaye katika kitabu cha kwanza anaonekana kwa haraka, sasa anapewa kurasa nyingi. Mama yake, ambaye kule alikuwa mwanamke anayetembea usiku maili 12 ili alale kidogo na mwanawe kisha arudi shambani kabla ya jua kuchomoza, sasa tunaambiwa kwamba alijua kusoma. Kuhusu kutoroka, hata hivyo, mlango bado umefungwa, na sababu imeongezewa mifano. Henry Box Brown alikuwa amejifungia ndani ya sanduku mwaka 1849 na kusafirishwa kama mzigo kutoka Richmond, Kusini kwenye utumwa, hadi Philadelphia, Kaskazini. Habari zilitangazwa kila mahali, na Samuel Smith, aliyemsaidia, alikamatwa na kufungwa alipojaribu kuwasafirisha wengine kwa njia hiyo hiyo. Douglass anaandika kwa uchungu kwamba kama mbinu ile isingetangazwa, huenda wangepatikana akina Box Brown 1,000 kila mwaka. Naijua hoja inayosema kwamba kuitangaza mbinu kulileta fedha na hamasa kwa harakati. Ninaiheshimu, ila kwa hili niko upande wa Douglass.

Siri ilitolewa kitabuni mwaka 1881, katika tawasifu ya tatu, wakati utumwa ulikuwa umekwisha kupigwa marufuku. Mwaka 1838 sheria ya Maryland iliwataka watu Weusi walio huru wabebe hati za uhuru zenye maelezo ya umbo, rangi na makovu. Douglass hakuwa nayo. Alikuwa na cheti cha ubaharia alichoazimwa na rafiki, na cheti hicho kilimweleza mtu mweusi zaidi kuliko yeye. Alivaa shati jekundu, kofia ya kibaharia na tai nyeusi iliyofungwa kilegevu shingoni. Hakukata tiketi stesheni, kwa kuwa pale angekaguliwa bila haraka, bali alipanga mzigo wake uletwe treni ikianza kuondoka, akarukia behewa. Kondakta alipofika katika behewa la watu Weusi aliwauliza wengine kwa ukali, lakini kwake sauti ikalainika: bila shaka unazo hati zako za uhuru? Hapana, alijibu, sizibebi ninapokwenda baharini. Una chochote cha kuonyesha kwamba u huru? Ninayo karatasi yenye tai wa Marekani, akasema, itakayonizungusha dunia nzima. Kondakta alimtazama yule ndege wa nembo ya taifa juu ya karatasi, akachukua nauli, akapita. Kama angeisoma, asingeweza kukosa kuona kwamba inamtaja mtu mwingine.

Ni katika kitabu hiki hiki anaposimulia ziara yake ya 1877 kwa Thomas Auld, aliyekuwa kitandani akikaribia kufa. Ukurasa wa kwanza wa kitabu cha 1845 ulianza na malalamiko kwamba hajui umri wake, kwa kuwa watumwa walinyimwa hata habari hiyo. Sasa alimuuliza mzee yule, naye akamwambia anadhani ni Februari 1818. Daftari la bwana wa kwanza wa Douglass, lililokuja kuchunguzwa na mwanahistoria Dickson Preston, lina mwezi huo huo na mwaka huo huo.

Hata mwaka 1881, hata hivyo, hakusema yote. Baharia aliyemwazima cheti anabaki bila jina, ingawa mtu huyo alihatarisha uhuru wake mwenyewe kwa kukitoa cheti hicho mkononi. Aliyefichwa kuliko wote ni mkewe. Katika kitabu cha kwanza Anna Murray anatokea ghafla New York kufunga ndoa, na maelezo yote kumhusu ni tanbihi moja isemayo kwamba alikuwa mtu huru. Vitabu viwili vilivyofuata havimwongezei mengi. Ilibidi binti yao, Rosetta, asimulie mwaka 1900, wazazi wote wawili wakiwa wamefariki, kwamba mama yake, aliyekuwa akifanya kazi za nyumbani Baltimore, aliuza mojawapo ya magodoro yake ya manyoya ili kuchangia gharama za safari ile, kisha akamfuata mchumba wake na godoro jingine, mito, mashuka, sahani, visu, uma, vijiko, na gauni jipya la hariri la rangi ya zambarau, alilolivaa siku ya harusi.