Je, wajua? CD ya muziki inaweza kunakiliwa vibaya bila kompyuta kukwambia

Ukinakili picha au nyaraka kutoka kwenye CD, mambo ni mawili: zinakuja kama zilivyo, au kompyuta inakwambia imeshindwa. CD ya muziki ni tofauti. Penye mkwaruzo mbaya, draivu (kifaa cha kompyuta kinachosoma CD) hukisia sauti iliyopotea kwa kupima iliyotangulia na inayofuata, kisha huendelea kimya. Miezi baadaye unasikia "tik" katikati ya wimbo, na CD yenyewe umeshaigawa.

Kwa nini? Kanuni zilizowekwa na Philips na Sony mwaka 1980 zilimfikiria msikilizaji aliyekaa sebuleni, si kompyuta. Sekunde moja ya muziki imegawanywa katika sekta 75, kila moja baiti 2,352, na zote ni sauti tupu. CD-ROM, yaani CD ya data za kompyuta, ilipokuja, sekta yake ilipewa baiti 2,048 tu za data. Sehemu kubwa ya zilizobaki ni kinga ya ziada ya kugundua na kusahihisha makosa. Kinga hiyo ya ziada CD ya muziki haina.

Ndiyo maana uchaguzi wa programu ni jambo zito. Nyingi husoma mara moja na kukubali chochote zilichopewa na draivu. Exact Audio Copy ya Andre Wiethoff, kwa wenye Windows, husoma kila kipande zaidi ya mara moja, na majibu yasipolingana hurudia tena na tena. Lakini kuna mtego hapa. Draivu nyingi huweka akiba ya kile ilichosoma punde, kwa hiyo ikiulizwa mara ya pili hutoa jibu lilelile bila kuigusa CD. Programu isiyojua kuikwepa akiba hiyo inajidanganya, hata ikisoma mara kumi. Hilo ndilo ningeliangalia kwanza katika mipangilio.

Lipo pia jambo zuri liitwalo AccurateRip: nambari ya ukaguzi ya nakala yako (inayokokotolewa kutokana na sauti yenyewe) hulinganishwa na za watu wengine walionakili CD hiyohiyo kwa draivu zao. Zikilingana, huna haja ya wasiwasi. Programu ya dBpoweramp hulitumia, na XLD kwa wenye Mac. Sharti programu ijue draivu yako huanza kusoma sampuli (vipimo vidogo vya sauti) ngapi mbele au nyuma, maana kila modeli ina mwachano wake.

Sasa, CD ya taarab au ya kwaya iliyotolewa nakala chache huenda isiwe na wa kulinganishwa naye. Hapo nakili mara mbili, ikiwezekana kwa draivu mbili tofauti, ulinganishe nambari mwenyewe. Zikikubaliana, hifadhi kwa FLAC, aina ya faili ya sauti ambayo hupunguza ukubwa wa faili bila kupoteza sampuli hata moja. MP3 ya kuweka kwenye simu utaitengeneza kutoka humo wakati wowote.