Nice: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Wengi huuhesabu Nice kuwa mji wa Ufaransa tangu enzi na enzi. Ukweli ni kwamba kuanzia mwaka 1388 mji huo ulikuwa chini ya watawala wa Savoy, na ukiacha vipindi ambavyo majeshi ya Ufaransa yaliukalia, kikiwemo kile cha 1792 hadi 1814, ulibaki mikononi mwao hadi 1860, alipopewa Napoléon III, kaizari wa Ufaransa, kama malipo ya kuusaidia Ufalme wa Sardinia, uliokuwa wa watawala haohao wa Savoy, vitani dhidi ya Austria.

Wanaolijua hilo nao huangukia kosa la pili, la kudai kwamba basi ulikuwa mji wa Italia. Ufalme wa Italia ulitangazwa Machi 1861, Nice ikiwa imekwisha kuondoka, na lugha ya wenyeji, Kinissart, huwekwa na wanaisimu wengi katika kundi la Kioksitani, lugha ya kusini mwa Ufaransa. Hata Giuseppe Garibaldi, shujaa wa kuunganishwa kwa Italia, alizaliwa hapo mwaka 1807 chini ya milki ya Napoléon I, kisha akaishi hadi kuuona mji wake ukitolewa, jambo alilolipinga kwa ukali.

Anayetarajia mchanga ataukuta ufuo wa kokoto, zilizoporomoshwa na mito kutoka milima ya Alps. Nayo majani ya kahawia yanayotupwa na mawimbi, ambayo wageni huyaita mwani, ni ya posidonia, mmea wenye mizizi, maua na matunda kama zilivyo nyasi za bahari za pwani yetu, na unaolindwa kisheria nchini Ufaransa tangu 1988. Mapumziko ya kiangazi pia ni mazoea ya juzi tu: Waingereza waliogharamia njia ya ufukweni miaka ya 1820 walikuwa wakikimbia baridi ya kwao.

Kwenye chakula, saladi ya Nice ndiyo iliyosingiziwa zaidi. Viazi na maharage mabichi ya kuchemsha, vinavyojaa katika sahani za hoteli za ng'ambo, wenyeji washika desturi huvikataa kabisa. Kwao msingi ni nyanya, mafuta ya zeituni na samaki wadogo wa chumvi, jamaa wa dagaa mchele, pamoja na yai, ambalo ndilo pekee linalopikwa. Na asidhani mtu kwamba chakula cha huko lazima kiwe cha anasa, kwani socca, kipenzi cha mitaani, ni unga wa dengu uleule wa bajia, uliokorogwa kwa maji, chumvi na mafuta ya zeituni, ukaokwa katika sinia pana la shaba ndani ya tanuri la kuni, na huliwa ungali moto, kwa mikono, ukiwa umenyunyiziwa pilipili manga.