"Mwili wangu umeshazoea minyoo": hapana, haujazoea

Wiki hii tena. Mzee mmoja mvuvi hapa Ziwa Albert namwambia ameze prazikwanteli, dawa ya kichocho, ananijibu, "dakitari, mi nimezaliwa kwa maji, mwili umeshazoea hao minyoo, ukinipa dawa kinga yangu itaisha." Hii nimeisikia mpaka nimechoka jamani.

Mzee wangu, minyoo wa kichocho cha tumbo wanakaa ndani ya mishipa ya damu ya utumbo, wanajivika protini zako wewe, kinga ikipita inadhani ni sehemu ya mwili inawaacha, na tena wanaipooza, ndo maana unaweza kukaa miaka husikii kitu. Lakini jike anataga mayai mamia kila siku, na mengi hayatoki na choo, damu inayabeba mpaka kwenye ini. Hayo sasa kinga inayaona! Inayazingira, inaweka vinundu, vinundu vinakuwa makovu, damu inakosa njia ndani ya ini, bandama inavimba, mwishowe mtu anatapika damu. Kinga ya kupigana na mayai ndo inakuharibia ini, na wewe unasema umezoea.

Na dawa haimalizi kinga, inaisaidia. Mnyoo akifa ngozi yake inachanika, vile alivyokuwa anavificha vinatoka nje, mwili unatengeneza IgE, aina ya kingamwili, na hiyo pamoja na eosinofili, chembe nyeupe za damu, ndo inawasumbua minyoo wachanga watakaoingia baadaye. Kinga hiyo inakuja polepole, miaka na miaka, na sio kamili. Ila tafadhali kula posho kwanza ndo umeze, tumbo tupu litakusokota na kesho utawaambia mwalo mzima dawa ni sumu. Na dawa haiui wale wachanga, kwa hiyo ya mwaka jana haitoshi, rudi umeze tena.

"Nilishameza albendazo." Hiyo ni ya safura na minyoo wa kawaida, kichocho haikigusi.

Waragi, ile pombe kali? Haiui mnyoo yeyote, inaliongezea mzigo ini ambalo tayari lina makovu.

Tumbo kubwa sio kurogwa, mlete mtoto tupime choo.

Wengine wanasema minyoo inazuia aleji tuiache. Kweli utafiti wa Entebbe, hapa Uganda, uliona watoto ambao mama zao walimeza albendazo wakiwa na mimba walipata ukurutu zaidi, lakini ukurutu una dawa ya kupaka, mshipa ukipasuka usiku huku mwaloni na hospitali iko mbali, mi sina cha kukupaka.