Kijiti kipo mkononi, mimba imeingiaje?

Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Uganda kwa wanawake wanaoishi na VVU waliowekewa kijiti cha uzazi wa mpango chenye homoni ya levonogestreli. Kijiti hicho hutegemewa kwa miaka 5. Lakini kati ya wanawake 20 waliokuwa wakimeza efavirenzi, mojawapo ya ARV, yaani dawa za kupunguza makali ya VVU, 3 walipata mimba kabla mwaka haujaisha. Homoni katika damu yao ilikuwa imeshuka kwa karibu nusu ikilinganishwa na wenzao wasiotumia ARV.

Mhusika ni ini. Humo mna kimeng'enya kiitwacho CYP3A4, kinachovunjavunja homoni na dawa nyingi tunazomeza. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya 7. Sehemu moja ya jeni hubeba maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya. Nyingine, iliyotangulia mbele yake, huamua kitengenezwe kwa wingi gani. Watu husahau hiyo ya pili, nayo ndiyo yenye kisa chetu. Ndani ya seli za ini mna protini, PXR na CAR, zinazohisi kemikali ngeni. Efavirenzi ikizigutusha, protini hizo hukaa juu ya sehemu hiyo ya udhibiti, jeni ikasomwa mara nyingi zaidi, vimeng'enya vikaongezeka, na homoni ikamalizwa upesi kuliko kijiti kinavyoitoa.

Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huigutusha PXR kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana mgonjwa wa TB anayetumia dolutegraviri, ARV nyingine ambayo Uganda ilianza kuisambaza kwa wingi mwaka 2018, hupewa miligramu 50 asubuhi na 50 jioni badala ya mara moja kwa siku. Asidhani daktari amekosea.

Wakati mwingine tatizo limo katika maelekezo yenyewe. Jeni ya CYP2B6, kimeng'enya kinachovunjavunja efavirenzi, iko kwenye kromosomu ya 19 na ina vipande 9 vya maelekezo. Herufi moja ikibadilika katika kipande cha nne, baadhi ya vipande hurukwa wakati wa kuunganishwa, na kimeng'enya kinachopatikana ni kichache. Afrika Mashariki, takriban theluthi moja ya nakala za jeni hii zina badiliko hilo. Aliyerithi nakala mbili za namna hiyo, kutoka kwa baba na kwa mama, hubaki na efavirenzi nyingi mno kwenye damu: kizunguzungu, ndoto za kutisha. Majirani wakasema amerogwa.

Kwa hiyo unapokwenda kliniki ya uzazi wa mpango, taja ARV na dawa za TB unazotumia, hata kama hujaulizwa. Kitanzi cha shaba hakina homoni, hakiguswi na mambo haya. Na ukimaliza rifampisini, usipunguze dolutegraviri siku hiyo hiyo: vimeng'enya vilivyozidi huchukua takriban wiki 2 kurudi kiwango chake, na dozi ya mara mbili huendelea mpaka hapo.