Siyo kila mama wa kijijini anasubiri mkopo

Kuna hii stori ya miaka mingi kwamba mwanamke maskini wa kijijini shida yake ni mtaji tu, mpelekee mkopo uone foleni. Imetoka mbali, Grameen Bank ya Bangladesh ilifikia mamilioni ya wanawake kwa mikopo midogo, 2006 ikapata Nobel ya Amani pamoja na mwanzilishi wake Muhammad Yunus, basi watu wakaamini uhitaji hauna mwisho.

Sasa angalia Moroko. Taasisi ya Al Amana ilipeleka mikopo vijiji ambavyo havikuwa na huduma hiyo, wanaume na wanawake, watafiti wakafuatilia miaka miwili na kaya zilizokopa zilikuwa kama 13 tu katika 100.

Na siyo ujinga wala uoga jamani, hili huwa linaniuma likisemwa. Mikopo midogo mingi inaanza kurudishwa ndani ya wiki chache tu, wakati hela ya shamba inakuja mpaka uvune, hapo katikati analipa na nini? Bado dhamana ya kikundi, mwenzenu akishindwa mnamlipia nyie, ujirani unavunjika. Mama anapiga hesabu zake anaona bora aache.

Wapo wanaohitaji kweli na wanafaidika, sikatai. Ila sehemu salama ya kuweka akiba nayo ni hitaji, Niger mwaka 1991 shirika la CARE lilianzisha vikundi vya wanawake vijijini wanaochanga na kukopeshana hela yao wenyewe, bila mtaji wa nje, na mtindo huo umeenea nchi nyingi za Afrika.