Paka akizidiwa, panadol weka mbali

Tunapokaribia Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, foleni ya chanjo inarefuka, na lalamiko ni lile lile: "Nimeleta paka mgonjwa, daktari kanigombeza." Sisi madaktari wa mifugo hatugombezi. Tumechoka tu kupokea paka waliokwisha kutibiwa nyumbani.

Panadol ndiyo inayoongoza. Ini la paka haliwezi kuisaga dawa hiyo kama lako. Nusu kidonge ni miligramu 250, na kwa paka wa kilo 4 hiyo ni sumu ya kuua: damu hushindwa kubeba hewa, ufizi unakuwa kahawia kama chai ya rangi, uso na miguu vinavimba. Tiba ipo, ila tuambie umempa nini, kiasi gani na saa ngapi. Ukificha kwa aibu, paka ndiye anayelipa. Maziwa hayaondoi sumu hii, wala ile ya panya. Sijui nani alianzisha habari hizo.

Halafu kuna dume anayechuchumaa, anajikamua, analia, na mchangani hakuna kitu. Mwenyewe anasema kafunga choo, anamnywesha mafuta ya kula. Mara nyingi iliyoziba ni njia ya mkojo. Tumbo la chini linakuwa gumu kama ndimu. Usiliminye, kibofu kitapasuka. Siku moja au mbili zinatosha kumuua, kwa hiyo habari ya "tusubiri Jumatatu" haipo. Roho ya paka ni msemo tu.

Ukiona uzi unaning'inia mdomoni au nyuma, usiuvute. Unakata utumbo.

Sasa kung'atwa au kuparuzwa. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, uende hospitali siku hiyo hiyo; usingoje kuona paka atakuwaje. Ukitoka huko, toa taarifa kwa afisa mifugo wa kata: ilikuwa lini, wapi, paka ni wa nani, kadi ya chanjo ina tarehe gani. Paka aliye hai hufungiwa na kuangaliwa siku 10. Akifa ndani ya siku hizo usimzike wala kumtupa jalalani, tuite; kichwa kinahitajika maabara. Na ndiyo, paka anapata kichaa cha mbwa. Jina lisikudanganye.

Muuza dawa za mifugo dukani si daktari. Sheria ya Veterinari ya Tanzania, Na. 16 ya 2003, inataka anayetibu awe amesajiliwa na Baraza la Veterinari, na asiyesajiliwa anatenda kosa. Muulize cheti, hatakasirika kama anacho.

Ukimleta kwetu, mfunge paka kwa kanga, shingo ikiwa huru, umweke kwenye boksi lenye matundu. Wa mikononi juu ya bodaboda huishia Ubungo, chini ya daladala. Kama kala sumu, njoo na pakiti yake, hata iliyochanika.