Wimbo mmoja, mali mbili

Mwaka jana nilipigiwa simu na binti mmoja anayeimba kantri, furaha imemjaa. Ametoa albamu yake ya kwanza kwa fedha zake, hana lebo, na masta, yaani rekodi zenyewe, zote ni zake. Nikampongeza, kisha nikamuuliza, "Na tungo umezisajili wapi?" Kimya. "Si nimeshampa msambazaji kila kitu?"

Kazi yangu ni kufuatilia mirabaha, yaani malipo ya watunzi kazi zao zinapotumiwa, kwa hiyo jibu hilo nimelizoea. Msanii wa kujitegemea hulinda masta kama mboni ya jicho, utungo akauacha nje ulowe mvua.

Wimbo ni mali mbili. Kuna utungo, yaani maneno na melodi, kile kinachobaki ukizima mitambo yote ya studio ukashika gitaa tupu. Halafu kuna rekodi, sauti iliyonaswa siku ile. Msambazaji wa mtandaoni hukusanya fedha za rekodi. Za utungo zina mfereji wake, na usipoukinga ndoo, maji yanapita.

Huko Marekani, nyumbani kwa kantri, mfereji huo ni mnene kuliko wengi wanavyodhani. Redio za kawaida za AM na FM hazimlipi mwimbaji hata senti. Zinamlipa mtunzi, kupitia vyama vinavyowakusanyia watunzi fedha kama ASCAP, kilichoanzishwa mwaka 1914, na BMI cha mwaka 1939. Basi nyota akiimba wimbo aliotungiwa, ukapigwa redioni asubuhi na jioni, fedha za redio zinakwenda kwa mtu aliyeketi na daftari chumbani Nashville, mji mkuu wa muziki wa kantri. Upande wa mtandaoni kuna MLC, taasisi inayokusanya mirabaha ya tungo kutoka huko, iliyoanza kazi Januari 2021. Mwezi uliofuata ilikabidhiwa na kampuni za kustrimu muziki takriban dola milioni 424, mirabaha ya tungo iliyokuwa imelundikana bila kuoanishwa na wenyewe. Hazikuibwa. Zilikosa jina la kuandikiwa hundi.

Dolly Parton, mwimbaji na mtunzi wa kantri, alilijua hili mapema. Mwaka 1974 wimbo wake "I Will Always Love You" ulipokuwa umeshika namba moja kwenye chati za kantri, Elvis Presley alitaka kuurekodi. Meneja wa Elvis, Tom Parker, akadai nusu ya haki za uchapishaji, yaani za mapato ya utungo. Dolly akakataa, na mwenyewe amesimulia jinsi alivyolia. Mwaka 1992 Whitney Houston akauimba, ukakaa kileleni Marekani wiki 14. Rekodi haikuwa ya Dolly, lakini utungo ulikuwa wake mzima.

Tazama pia waliotoka bila lebo kubwa miaka ya karibuni. Tyler Childers wa Kentucky alitoa *Purgatory* mwaka 2017 kwa lebo yake ndogo. Zach Bryan alikuwa bado mwanamaji wa jeshi aliporekodi *DeAnn* ya 2019 na rafiki zake kwenye nyumba ya kupanga Florida. Oliver Anthony, Agosti 2023, aliingia moja kwa moja namba moja ya Hot 100, chati kuu ya nyimbo Marekani, kwa sauti yake na gitaa moja, msituni. Studio ya kifahari hakuna hapo. Wote watatu wanatunga wenyewe, na ndiyo sababu napenda kuwataja: rekodi mbaya unaweza kuirudia kesho, ila utungo uliouza, sheria ya Marekani inakuruhusu kuudai tena baada ya miaka 35. (Piga hesabu ya umri wako.)

Turudi kwa binti yetu. Nyimbo saba alizitunga peke yake. Hizo tulizisajili kwa mchana mmoja. Tatu alizitunga na mpiga gitaa wake, wakaondoka bila kuandikiana chochote. Nashville watu wakitunga pamoja hujaza karatasi ya mgawanyo, inayoonyesha fungu la kila mmoja, kabla hata kahawa haijapoa, na desturi iliyozoeleka ni kugawana sawa, bila kuhesabu nani kaleta mistari mingapi. Wao walikuja kwangu miezi minane baadaye, kila mmoja na kumbukumbu yake.

Wimbo wa kwanza walikubaliana nusu kwa nusu, wakatia saini. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu, ambao ndio unaosikilizwa zaidi, mpiga gitaa anasema kiitikio ni chake chote. Binti ametoa simu, anatafuta ile sauti aliyojirekodi akiimba ndani ya gari.